Mwenye pikipiki na awe fundi wa kwanza

Iko fikira moja iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi watu wa pwani, nayo ni kwamba mtu wa heshima hachafui mikono. Akiharibikiwa na pikipiki, hata iwe ni plagi tu iliyoshika masizi, huisukuma mpaka kwa fundi, akaketi juu ya kopo la rangi akisoma gazeti, akangoja aambiwe kiasi cha kulipa. Hajui kilichofunguliwa wala kilichorudishwa. Akiondoka huomba Mungu tu ifike nyumbani. Mimi naipinga fikira hiyo, na katika makala haya nataka kueleza kwa nini naona kwamba mwenye pikipiki, hasa pikipiki kuukuu, yampasa awe yeye ndiye fundi wa kwanza, na fundi wa gereji awe wa pili.

Nasema pikipiki kuukuu kwa sababu ndizo nyingi tulizo nazo. Kijana anayetafuta riziki yake kwa boda boda, awe Kisauni, Likoni, Ukunda au Malindi, mara nyingi huanza kwa chombo kilichokwisha pita mikono ya watu wawili au watatu. Wazee nao wangali na zao za zamani, zile Yamaha na Suzuki za kuchanganya petroli na mafuta, na Honda za miaka ya 1970 na 1980. Hizi ndizo zinazotaka jicho la mwenyewe kila siku, na pia ndizo zinazokubali kutengenezwa na mwenyewe. Hazina kompyuta ndani. Karibu kila kilichomo chaweza kushikwa kwa mkono, kikapimwa, na kikaeleweka na mtu mwenye akili timamu na subira.

HABARI YA HONDA MOJA

Hebu tutazame historia ya pikipiki moja tu, Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1976. Kabla yake kampuni hiyo ilikuwa na pikipiki ndogo nzuri ambayo kamu yake, yaani ule mhimili unaofungua na kufunga vali, ilikaa juu kabisa kichwani mwa injini. Ni mpango wa kisasa na wenye nguvu, lakini huko juu ndiko mbali na mafuta. Wahandisi walipotazama jinsi pikipiki zao zilivyokuwa zikitumiwa katika nchi ambazo pikipiki ni punda wa kazi wala si chombo cha matembezi, waliona kwamba watu wengi hawabadilishi mafuta ya injini. Huyaongeza tu yanapopungua. Mafuta machafu yakishindwa kufika juu vizuri, kamu husagika na injini hufa.

Basi walifanya nini? Waliirudia njia ya zamani. Waliishusha kamu chini, karibu na mafuta, na vali zikawa zasukumwa kwa vijiti virefu. Cheni nayo waliifunika yote isishike vumbi. Ikawa pikipiki yenye kuvumilia. Muundo huo baadaye ulitengenezwa katika nchi kadha wa kadha, na viwanda vya China viliuiga, hata leo ziko boda boda nyingi humu nchini zenye injini ya ukoo huo huo.

Habari hii yataka tuifikirie. Maana yake ni kwamba mtu aliye mbali aliketi akasema: hawa hawatakitunza chombo, basi tuwaundie chombo cha mtu asiyetunza. Twaweza kuihesabu hiyo kuwa ni rehema, nami nakubali, kwani nyumba nyingi zimekula na watoto wengi wamelipiwa karo kwa injini hiyo. Lakini ni ushahidi juu yetu vile vile, na mimi sipendi ushahidi huo uendelee kuwa wa kweli. Isitoshe, uvumilivu wa chuma una mpaka. Huchukuliana nawe siku nyingi kimya kimya, kisha siku moja hukuacha njiani usiku, au breki ikakataa mteremkoni na nyuma umempakia mama na mwanawe.

SI DESTURI YETU

Kinachonishangaza ni kwamba uzembe huu si desturi yetu kabisa. Watu wa pwani ni watu wa vyombo. Nahodha wa jahazi hakungoja mpaka maji yaingie ndipo amtafute kalafati. Upepo wa kusi ulipochachamaa na bahari ikachafuka, chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa chaza na mwani, nyufa zikatiwa pamba, mbao zikapakwa sifa, na chini kikapakwa deheni ya shahamu na chokaa ili kisiliwe na wadudu. Kazi hiyo ilifanywa na baharia wenyewe, na mtoto aliyetaka kuwa baharia aliianza hapo, mchangani, na kopo la sifa mkononi. Ndipo waliposema wahenga kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba ukiona vyaendelea kuelea, vimetunzwa.

Wala katika dini yetu hakuna aibu ya mkono mchafu. Mtume wetu (S.A.W.) amepokewa kuwa alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na kutia viraka nguo yake, naye ndiye mbora wa viumbe. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme, lakini alikula kwa kazi ya mikono yake. Katika Surat Saba tunasoma kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na akamwamrisha aunde deraya kamili na apime sawasawa katika kuziunganisha pete zake. Tulipokuwa chuoni tuliisoma aya hiyo kwa sauti nzuri. Ni wangapi kati yetu waliosimama kwenye neno hilo la kupima? Deraya na cheni ya pikipiki zote ni vikuku vilivyounganishwa, na kipimo kikikosekana zote mbili humwangamiza mwenye kuzitegemea.

Kadhalika Waislamu waliotutangulia hawakuiona ilimu ya mashine kuwa ni ya watu wengine. Al-Jazari, aliyekuwa akiwatumikia watawala wa Diyarbakir, alimaliza mwaka wa 1206 kitabu chake cha mashine, na humo ameeleza pampu ya maji ambayo mzunguko wa gurudumu ulifanywa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi wa pistoni mbili. Injini ya pikipiki hufanya hilo hilo kwa kinyume: pistoni huenda na kurudi, na gurudumu huzunguka. Basi anayeona kwamba mwenye kusoma hapaswi kushika spana hajui waliosoma walishika nini.

KAZI ZENYEWE

Sasa na niingie katika kazi zenyewe, maana nasaha bila ya kazi ni upepo.

La kwanza ni mafuta ya injini. Pikipiki za aina ya CG huchukua yapata lita 1 tu. Ndani hamna chujio la karatasi kama la gari. Mna wavu wa waya, na kikombe kinachozunguka kwa kasi na kuutupa uchafu pembeni. Kwa hivyo uchafu mwingi hubaki katika mafuta yenyewe, na dawa yake ni kuyamwaga. Hebu tupige hesabu. Kijana anayekwenda kilomita 100 kwa siku hutimiza kilomita 2,000 kwa siku 20. Akikaa miezi mitatu bila kubadilisha, amekwenda kilomita 9,000 kwa lita moja ile ile, na hapo injini haina tena mafuta, ina uji mweusi. Na ayamwage injini ikiwa moto, kwani mafuta ya moto hushuka pamoja na taka zake. Anunue mafuta ya pikipiki, kwa sababu klachi ya vyombo hivi huogelea katika mafuta hayo hayo, na baadhi ya mafuta ya magari ya kisasa yametiwa dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya klachi iteleze. Na yale machafu yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu huelekea baharini, na huko ndiko kwenye mikoko, samaki na riziki za wavuvi. La dharara wala dhirara: tusidhuru wala tusidhuriane.

La pili ni plagi. Ukiifungua hukusomea hali ya injini nzima. Ikiwa rangi ya hudhurungi kavu, injini i salama. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa, na huenda ni kichujio cha hewa tu kilichoziba kwa vumbi la barabara zetu. Ikiwa nyeusi na yatota mafuta, ringi au vali zimechoka. Ikiwa nyeupe, injini yapata moto kupita kiasi, nawe usiendelee kuiendesha hivyo. Upenyo wa plagi kwa pikipiki hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Zile za zamani zenye pointi, pointi hizo husafishwa, kisha upenyo wake huwekwa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Pikipiki ngapi zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya pointi iliyoungua, ambayo ilitaka dakika 15 tu!

La tatu ni vali. Katika Honda niliyoitaja upenyo wake ni milimita 0.08, yaani kama unene wa ukurasa wa daftari. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla haijawashwa, pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefungwa, na alama ya T ya gurudumu la sumaku imelingana na alama ya mwilini. Hutumiwa kile kipimo cha vibati vyembamba, ambacho bei yake haifiki hata ya kufungua injini mara moja. Upenyo ukizidi, vali hugonga kwa kelele na nguvu hupungua. Ukipungua, hakuna kelele yoyote, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa vali isiyofunga sawasawa huungua. Watu hufurahi wakisema injini yao imenyamaza, kumbe yateketea.

La nne ni cheni. Katika pikipiki nyingi ndogo hutakiwa ilegee kiasi cha milimita 20 hadi 30 katikati, ila kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Ikikazwa mno hula beringi. Ikilegea mno huruka, na ikiruka yaweza kulifunga gurudumu. Shika pingili iliyo nyuma kabisa ya meno makubwa uivute: ukiona jino limejitokeza nusu, cheni imekwisha. Nunua cheni na meno yote mawili kwa pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno makuukuu ni kutia maji kwenye pakacha. Na kile kibanio cha kiungo, upande wake usio na pengo uelekee kule cheni inakokwenda, ili kisichomoke.

La tano, nalo ndilo zito kuliko yote, ni breki. Nyingi za zamani ni za ngoma. Lifungue gurudumu, utazame unene wa viatu vya breki. Vikikaribia milimita 2, vitoe. Visiguswe na grisi wala mafuta. Na lile vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, kama ninavyoona likifanywa kila siku kandokando ya barabara. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, pamoja na saratani, baada ya miaka mingi. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji, ukitupe.

Mwisho ni adui wetu sisi tunaokaa karibu na bahari, kutu. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hailali. Kebo itiwe tone la mafuta, tangi lisiachwe tupu miezi, na viungo vya nyaya vichomolewe, visuguliwe na kurudishwa. Mengi yanayoitwa shoti, ambayo watu hubadilishiwa nyaya zote kwa ajili yake, ni kiungo kimoja tu kilichoota ukungu wa kijani. Na jambo jingine dogo: skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani za zamani zina mkato wao, nao si sawa na wa bisibisi ya nyota ya kawaida tunayouziwa madukani. Ndiyo maana vichwa vyake huliwa, na mtu husema skrubu ni mbovu. Iko bisibisi yake mahususi. Mwenye kuwa nayo, na spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, ana gereji nusu nyumbani kwake.

MAFUNDI HAWATANYIMWA RIZIKI

Najua nitaambiwa kwamba nawanyang'anya mafundi mkate wao. La, hasha. Kuna kazi ambazo si za ukumbini: kuchonga silinda, kuchomelea fremu, kubadilisha mhimili wa pistoni, kunyoosha gurudumu. Hizo ni za fundi, na anayezijaribu bila kujifunza hujidhuru na huwadhuru wengine. Mimi nasema kwamba anayejua kazi ndogo humpelekea fundi kazi kubwa mapema, kabla haijawa msiba, na humlipa kwa kujua alilolipa. Fundi mwaminifu humpenda mteja wa namna hiyo. Anayemchukia ni yule aliyezoea kuuza plagi ya zamani iliyopigwa msasa kwa bei ya mpya, na huyo sina haja ya kumtetea.

Tena neno lenyewe fundi latufunza. Ni jamaa moja na kufunda, kufundisha na mwanafunzi. Fundi kwa asili yake ni mwenye ilimu ya kumpa mwingine. Basi gereji ingekuwa chuo, na mteja asiketi juu ya kopo la rangi akisoma gazeti, hata kama gazeti hilo ni hili. Na asimame, aulize, amshikie taa.

Wengine watasema kwamba zama za injini zapita, kwa kuwa pikipiki za umeme zimeanza kuenea nchini, na kwamba huko mtu hubadilishiwa betri tu akaenda zake. Ni kweli zinaenea, nami nazikaribisha, kwani zitatupunguzia moshi na kelele. Lakini pikipiki ya umeme nayo ina breki, ina tairi, ina beringi, ina nyaya, na chumvi ya bahari haitaiogopa. Aliyejizoesha kuangalia chombo cha zamani atajua kukiangalia kipya. Asiyejizoesha atakuwa mgeni kwa vyote viwili.

Kilicho hatarini hapa hakiishii kwenye fedha za mtu mmoja. Kijana wa boda boda anapompakia abiria, amechukua amana. Akifa mtu kwa sababu ya kiatu cha breki kilichoisha, sisi huinua mikono tukasema ni kadari. Kadari ni haki, nasi twaiamini. Lakini tumeamrishwa pia kumfunga ngamia kabla ya kutawakali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine hujengwa makaburini.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kila mzazi mwenye pikipiki atenge alasiri moja katika mwezi, aketi chini na wanawe, wa kiume na wa kike, waifungue plagi, wapime cheni, watazame breki. Walimu wetu wa madrasa, ambao wengi wao huja kazini kwa pikipiki, wangefanya jambo jema lau wangewaonyesha wanafunzi wakubwa somo moja la namna hiyo baada ya darasa, ili wasikie Surat Saba na waione papo hapo. Nami kwa kuwa ni mtu wa beti, nawaachia vijana ubeti mmoja wa kukumbukia:

Chombo ukikiegesha, kutu hukila mwilini,
Mafuta ukikausha, chuma husagwa kwa ndani,
Breki ukizichokesha, mwisho huwa kaburini,
Fundi wa kukiamsha, ni wewe kwanza, amini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi na tuiname, mikono yetu ichafuke kidogo, kisha tuioshe kwa sabuni na twende msikitini. Maji yapo, na wakati wa kuswali haujapita.